Kemia ya Jikoni: Nani Aliamua Kwamba Haituhusu?

SEHEMU YA 1

Wiki iliyopita niliandika kuhusu watu wanaochanganya Jik na dawa ya choo yenye asidi ili choo king'ae mara mbili. Nilieleza kwamba mchanganyiko ule unatoa gesi ya klorini, na klorini ikishaingia kwenye mapafu haina utani. Maoni yalikuwa mengi, asanteni sana. Ila kuna kaka mmoja, mwanafunzi wa uhasibu, aliandika kitu ambacho kimenikaa kichwani: "Dada nesi, hayo ni mambo ya watu wa sayansi. Sisi kemia tuliiacha kidato cha pili."

Sikumjibu siku ile kwa sababu jibu lake ni refu. Kaka, hoja yako siyo ya ajabu, wengi wanafikiri hivyo hivyo. Lakini ukifuatilia historia utakuta kwamba kwa muda mrefu kulikuwa na watu waliofundisha kemia kwa makusudi kwa wale ambao hawatakuwa wanakemia kamwe: akina mama, mafundi, watoto, wanafunzi wa masomo mengine. Walifundisha kwa mshumaa, kwa unga wa ngano, kwa sabuni. Na kila ilipotokea watu wakasema "hii siyo yenu", kuna mtu alilipa. Nitaandika kwa vipande, niko zamu za usiku wiki hii.

Twende London, mwaka 1806. Kuna mama anaitwa Jane Marcet, mke wa daktari. Enzi hizo mtu maarufu mjini alikuwa Humphry Davy, mwanakemia kijana aliyekuwa akitoa mihadhara pale Royal Institution. Ukumbi ulikuwa unajaa, mabibi wamevaa kofia zao, Davy analipua vitu mbele ya watu. Jane naye alikwenda, akafurahi, ila akagundua kwamba akirudi nyumbani mambo mengi hayakumbuki vizuri, mpaka alipoyajadili na rafiki na kurudia majaribio ndipo yalipomkaa. Basi akaandika kitabu, Conversations on Chemistry. Ndani yake kuna mwalimu, Mrs. B., na wasichana wawili, Emily na Caroline. Emily ni mtulivu na anauliza kwa mpangilio. Caroline anataka mambo yawake moto. Mnawajua hao wawili, kila darasa wapo.

Kitabu kilitoka bila jina la mwandishi, na jina lake liliwekwa baadaye sana, toleo la 1832. Kule Marekani wachapishaji walikichapa tena na tena bila kumlipa, maana sheria ya wakati ule haikumlinda mwandishi wa nje. Wakaweka jina la mwanamume aliyeongeza maswali na maelezo pembeni. Shule nyingi za wasichana za Marekani zilikitumia.

Sasa sikilizeni. London hiyo hiyo kuna kijana wa fundi chuma, familia maskini, amewekwa uanagenzi kwa fundi wa kujalidi vitabu. Vitabu vinapopita mikononi mwake kushonwa, anavisoma. Kimojawapo ni hicho cha Jane Marcet. Kijana hakuamini tu, alinunua vitu kwa senti zake akajaribu majaribio madogo madogo, akaona mambo yako kama kitabu kilivyosema. Jina lake Michael Faraday. Mwaka 1813 Davy alimwajiri kama msaidizi wa maabara. Baadaye ndiye aliyegundua kanuni ambayo jenereta za umeme zinaifuata mpaka leo, hata hiyo ya hospitali inayonguruma umeme ukikatika. Akiwa mzee na maarufu aliandika waziwazi kwamba mwalimu wake wa kwanza wa kemia alikuwa mama yule na kitabu chake kile.

Kitabu kile Jane hakukiandika ili kupata Faraday. Alikiandika ili mwanamke wa kawaida aelewe anachokisikia ukumbini.

SEHEMU YA 2

Nimeona mnauliza "mshumaa unaingiaje hapo?" Unaingia hivi.

Faraday hakusahau alikotoka. Alipokuwa na cheo pale Royal Institution, kulianzishwa mihadhara ya Krismasi kwa ajili ya vijana, mwaka 1825, na yeye mwenyewe alifundisha misimu mingi. Mfululizo unaokumbukwa kuliko yote ni wa Desemba 1860 hadi Januari 1861. Mihadhara sita, mada moja tu: mshumaa. Hakuwa na jedwali ukutani la kukaririsha, ni mshumaa unawaka.

Anaanza na swali ambalo hata mtoto anaweza kuuliza: nta ni ngumu, sasa inafikaje juu kwenye moto? Joto linaiyeyusha, ile ya maji inapanda kwenye utambi kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye koroboi, ikifika juu inageuka mvuke, na mvuke ndio unaowaka. Hebu jaribuni leo: uzimeni mshumaa kwa kupuliza, halafu haraka sogezeni njiti inayowaka kwenye ule moshi mweupe unaopanda. Moto utarukia utambi kabla njiti haijaugusa. Ule moshi ni nta.

Kisha anapanda hatua kwa hatua. Mshumaa unatoa maji, unaweza kuyaona yakiganda kwenye kioo baridi. Unatoa pia hewa ukaa, ambayo inaigeuza maji ya chokaa kuwa meupe kama maziwa. Halafu, muhadhara wa mwisho, anapuliza pumzi yake mwenyewe kwenye maji ya chokaa. Nayo yanakuwa meupe. Yaani ndani ya kifua chako kuna kitu kinafanana na mshumaa: unachukua oksijeni, unatoa hewa ukaa.

Mimi kama nesi hapo ndipo ninaposimama nikapiga makofi. Kwa sababu mtu akielewa mshumaa, kuelewa jiko la mkaa chumbani ni hatua moja tu. Mkaa unaowaka bila hewa ya kutosha haumalizi kazi yake, unatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayokwenda kwenye damu na kukalia kiti cha oksijeni. Unaweza kumwambia mtu mara mia "usilale na jiko ndani", atakujibu kwao Makete wanalala nalo tangu bibi. Lakini aliyeelewa kwamba moto na mapafu vinagombania hewa moja, huyo anafungua dirisha bila kuambiwa.

Kabla sijaondoka London nimtaje mtu mmoja, maana kisa chake kina funzo chungu. Friedrich Accum, Mjerumani, mwanakemia aliyefundisha na kuuza vifaa vya maabara. Mwaka 1820 alichapisha kitabu kuhusu vyakula vilivyochakachuliwa, jalada lake lina fuvu la kichwa. Akaeleza kwamba peremende za watoto zinatiwa rangi zenye risasi na shaba, achari inakolezwa kijani kwa shaba, mkate unatiwa shabu ili uonekane mweupe. Hakuishia kusema. Alieleza jinsi ya kupima, kwa namna ambayo mtu asiye mwanakemia angeweza kuijaribu, na akataja majina ya wafanyabiashara waliokuwa wamepatikana na hatia. Nakala 1,000 ziliisha ndani ya mwezi mmoja.

Haukupita muda akashtakiwa kwa kuchana kurasa za vitabu vya maktaba ya Royal Institution. Mwaka 1821 hakutokea mahakamani, akarudi Ujerumani na hakuonekana tena London. Kama alichana au hakuchana siyo hoja yangu. Hoja yangu ni kwamba kitabu kilipoteza nguvu siku mwandishi alipoondoka, na sheria ya kwanza ya Uingereza dhidi ya uchakachuaji wa chakula ilikuja mwaka 1860. Hesabuni wenyewe peremende ngapi zililiwa hapo katikati.

SEHEMU YA 3

Hii ndiyo sehemu niliyoisubiri, kwa hiyo mniwie radhi kwa urefu.

Ellen Swallow alizaliwa 1842 kijijini Massachusetts, Marekani, mtoto pekee wa walimu waliokuwa pia wakulima na wenye duka. Dukani kwa baba yake aliona watu wakinunua vitu wasivyojua vimetengenezwa na nini. Alijinyima, akafundisha, akasafisha nyumba za watu, mpaka akapata ada ya chuo cha Vassar, akamaliza 1870. Kisha akaomba kusoma kemia MIT, Boston. MIT haikuwa imewahi kupokea mwanamke. Wakamkubali kama mwanafunzi maalumu, na wakasema hatalipa ada. Yeye akadhani ni huruma kwa sababu ni maskini. Kumbe rais wa chuo alitaka, ikitokea mtu akalalamika, aweze kusema kwamba huyu siyo mwanafunzi wetu. Mwaka 1873 alipata shahada yake. Ya uzamivu hawakumpa.

Mwingine angekasirika akaenda zake. Yeye alikaa, akajifanya mtu wa lazima: kushona vifungo vya maprofesa, kupanga maabara, kupima sampuli za maji. Mwaka 1876, kwa fedha za kikundi cha kina mama wa Boston, MIT ilifungua Maabara ya Wanawake. Ellen, ambaye sasa alikuwa ameolewa na profesa wa madini na anaitwa Ellen Richards, aliisimamia bila mshahara. Waliokuja wengi walikuwa walimu wa shule ambao hawakuwahi kushika chupa ya asidi. Walipima nini? Vitu vya nyumbani. Vyakula vya dukani, hamira, sabuni, karatasi za ukutani. Hizo karatasi zenye rangi nzuri ya kijani zilikuwa na aseniki, na watu walikuwa wamezibandika chumba cha watoto.

Maabara ilifungwa 1883 kwa sababu nzuri: wanawake sasa walikuwa wanaingia MIT kwa mlango wa mbele kama wengine.

Katikati ya hapo, mwaka 1882, alitoa kitabu kidogo, The Chemistry of Cooking and Cleaning, kwa ajili ya mama wa nyumbani. Wala hakikudharau msomaji. Kinaeleza kwa nini unga unaumuka: magadi soda yakikutana na asidi kwenye unyevu yanatoa hewa ukaa, ile ile ya Faraday, na viputo vyake ndivyo vinavyoinua keki. Ukijua hivyo unaelewa mwenyewe kwa nini magadi soda yaliyoachwa peke yake kwenye unga yanaleta ladha ya sabuni. Kinaeleza jinsi sabuni inavyotokana na mafuta na alkali, na kwa nini alkali kali inayoondoa mafuta kwenye sufuria inaondoa pia mafuta kwenye ngozi ya anayeosha. Nimeona mikono ya akina mama wanaotengeneza sabuni ya maji mtaani wakishika magadi makali, kostiki, bila glavu. Wanaijua biashara yao vizuri sana. Hawakuambiwa tu kwamba ile chumvi nyeupe ikikutana na mafuta ya ngozi yao inaanza kazi ile ile inayoifanya ndani ya ndoo.

(Kwa wauguzi wenzangu: klorini ya kwenye Jik ni ndugu wa chokaa ya klorini ambayo Semmelweis aliwalazimisha madaktari wa Vienna kunawia mikono mwaka 1847, wazazi wakaacha kufa kwa wingi. Kwa hiyo simchukii Jik. Nachukia mchanganyiko.)

Ellen alifundisha pia kwa barua. Kulikuwa na chama cha Boston kilichosaidia wanawake kusoma wakiwa majumbani, naye akaongoza upande wa sayansi. Mwanamke aliyekwama shambani na watoto alipokea kwa posta masomo, hata vifaa vya kuangalia vitu vidogo, na akarudisha majibu. Nikisikia leo watu wanasema elimu ya mbali ililetwa na intaneti huwa nacheka.

Na maji. Kuanzia 1887 yeye na wasaidizi wake walipima maelfu kwa maelfu ya sampuli za maji ya Massachusetts. Wakachora ramani ya klorini, yaani chumvi iliyomo majini. Karibu na bahari chumvi ni nyingi, ukienda bara inapungua kwa mpangilio. Kwa hiyo kisima cha bara chenye chumvi kuliko majirani zake kinakuambia kitu: kuna choo kinavuja mahali. Hiyo ni akili ya mtu anayejua kwamba mkojo una chumvi, basi. Hakuna mtambo wa ajabu hapo.

Sasa niseme na upande wake dhaifu, maana siandiki wasifu wa mtakatifu. Mwaka 1890 yeye na wenzake walifungua Boston jiko la umma, New England Kitchen, kuuzia maskini chakula cha bei nafuu kilichopimwa kisayansi. Wahamiaji waliokusudiwa hawakukimiminikia. Chakula kilikuwa cha wenyeji wa Boston, kimepoa ladha, nao walikuwa na mapishi yao. Kwa maoni yangu tofauti ni hii: kwenye maabara alimpa mtu kipimo ashike mwenyewe, kwenye jiko alimpa mtu jibu. Sisi wahudumu wa afya tunaifahamu sana tofauti hiyo, na bado kila wiki ya lishe tunapanda jukwaani na jibu.

Mwaka 1899 alianza kukutana na wenzake kila mwaka huko Lake Placid kupanga somo jipya la nyumba, na mwaka 1908 wakaunda chama cha kitaifa, yeye akiwa rais wa kwanza. Somo lile ndilo la ukoo mmoja na tulilolijua sisi kama sayansi kimu. Alifariki 1911. Baada yake, taratibu, sehemu nyingi somo likabaki kwa wasichana peke yao, na ndani yake kupika na kushona vikachukua nafasi. Mizani na chupa za kupimia vikapelekwa jengo lingine. Waliosoma sayansi kimu miaka hiyo mnaweza kuniambia: mlishona aproni ngapi, na mlipima nini?

SEHEMU YA 4

Fupi hii, nina wagonjwa wawili wa kubadilishiwa vidonda.

Oktoba 1957 Wasovieti walirusha Sputnik. Marekani ilishtuka, serikali ikamwaga fedha kwenye ufundishaji wa sayansi. Mitaala mipya ya kemia ikatungwa, mmojawapo CHEM Study, kamati yake ikiongozwa na Glenn Seaborg, mshindi wa Nobel. Ilikuwa mitaala mizuri kwa kijana anayetaka kuwa mwanakemia: atomi, nishati, kanuni. Sabuni, chakula na dawa vikasogezwa nyuma kama mambo ya kitoto. Aliyeachwa ni yule ambaye hatakuwa mwanakemia. Yaani wewe kaka wa uhasibu.

Vyuo vya kule vilikuwa vinamtaka kila mwanafunzi, hata wa muziki au biashara, asome kozi ya sayansi kidogo. Wakawa wanapewa kozi ile ile ya wanasayansi iliyopunguzwa maji. Wanakariri, wanafaulu, wanasahau. Mwaka 1972 mwalimu mmoja wa chuo huko Wisconsin, John W. Hill, akachapisha kitabu kwa ajili yao hasa, Chemistry for Changing Times: plastiki, dawa, vipodozi, mbolea, sumu. Mwaka 1988 Chama cha Kemia cha Marekani kikatoa kitabu cha sekondari kinachoanza na samaki wanaokufa kwenye mto wa mji wa kubuni, na mwanafunzi anajifunza kemia akitafuta kilichowaua. Mwaka 1994 kikatoa cha vyuo, Chemistry in Context, sura ya kwanza ni hewa tunayovuta. Faraday angekitambua.

SEHEMU YA 5, YA MWISHO

Mwaka huo huo wa 1972 rudini nyumbani, Afrika Mashariki.

Madaktari wa Nairobi walichapisha kwenye jarida la British Medical Journal habari za wagonjwa 60, watu wazima, ambao figo zao zilikuwa zinavujisha protini. Mnaomjua mgonjwa wa namna hii mnajua sura: uso umevimba asubuhi, miguu ukiibonyeza inabaki shimo, mkojo una povu. Kwa kawaida unatafuta malaria, unatafuta maambukizi. Wao waliuliza pia swali la nyumbani: unajipaka nini? Zaidi ya nusu ya wagonjwa walikuwa wanatumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Baadhi walipoacha, figo zilirudi.

Zebaki inazuia ngozi kutengeneza rangi yake, ndiyo maana mtu "anang'aa". Lakini haibaki usoni. Inapita kwenye ngozi, inaingia damuni, na figo ndizo zinazohangaika kuitoa.

Na hapa naomba msome taratibu. Mwaka 1976 Jumuiya ya Ulaya ilipiga marufuku zebaki kwenye vipodozi vya watu wake. Viwanda vya huko huko vikaendelea kwa miaka mingi kutengeneza sabuni za zebaki za kuuza nje, Afrika ikiwa soko kubwa. Sheria ilikuwepo. Maabara zilikuwepo. Aliyekosekana kwenye mnyororo mzima ni mnunuzi mwenye uwezo wa kusoma paketi. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa 2013, ulizitaka nchi ziache ifikapo 2020 kutengeneza, kuingiza na kuuza nje vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu 1 katika milioni. Nendeni kariakoo yoyote ya nchi hizi mkaangalie kama mkorogo umeisha.

Kwa hiyo kaka, kama chuo chenu kingenipa wiki sita na wanafunzi wa uhasibu, nisingeleta jedwali la elementi siku ya kwanza. Wiki ya mshumaa na jiko la mkaa. Wiki ya magadi soda na siki. Wiki ya sabuni na kostiki, na glavu. Wiki ya Jik na kwa nini inakaa peke yake. Wiki ya maji ya kisima. Ya mwisho kila mmoja alete krimu anayotumia au anayotumia dada yake, tukae tusome.

Na tungesoma hivi. Tafuteni neno mercury kwa sura zake zote: mercuric, mercurous, calomel, au Hg tu. Mara nyingi halipo, maana anayetia zebaki kwa siri haandiki. Basi geuzeni paketi muangalie maonyo. Ukiona wamekuambia usivae dhahabu au fedha unapopaka, au usiiache krimu igusane na vito, shtuka, hata Shirika la Afya Duniani linaitaja kama dalili ya zebaki. Krimu ya ngozi ina ugomvi gani na pete ya ndoa? Mchimbaji mdogo wa Geita atakujibu bila kwenda chuo, maana ndiyo kazi yake kila siku: anatia zebaki kwenye mchanga, na zebaki inaikamata dhahabu.

Mwenye krimu ambayo hana uhakika nayo apige picha ya nyuma ya paketi, siyo ya mbele yenye yule dada anayecheka, aiweke hapo chini. Nitasoma zote nikitoka zamu asubuhi.